Aliyeondoka ili Aitwe

Wapendwa, kulikuwa na kijana mmoja mwenye kazi ambayo wengi wetu hatujui hata kama ipo. Aliajiriwa na kampuni ya mchezo wa kwenye simu, ule wa intaneti ambao mtu anapewa shamba, analima, anapalilia, anavuna, na majirani zake ni watu asiowajua wa miji mingine. Mchezo hakuutengeneza yeye. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha watu. Ukikaa siku chache bila kucheza, simu yako inalia, unakuta ujumbe: "Tumekukumbuka. Shamba lako linakungoja. Rudi nyumbani." Maneno hayo ni yeye aliyeyaandika, na alikuwa fundi kweli kweli. Alijua ni neno gani litamfanya mtu aache ugali upoe ashike simu.

Walikuwa na utaratibu wao. Anayeingia kila siku haandikiwi kitu, kwani umwite wa nini mtu ambaye tayari yuko? Ujumbe ulikwenda kwa aliyekaa mbali tu.

Sasa akatokea mchezaji mmoja wa ajabu. Anapotea, anaandikiwa, anarudi papo hapo. Kesho hayupo tena. Anaandikiwa, anarudi. Na akirudi halimi! Shamba lake lilijaa magugu, hajawahi kuvuna hata hindi moja. Kijana akamtumia zawadi, mbegu za bure, mpaka ng'ombe wa bure. Hazikuguswa. Mkubwa wake wa kazi akamwambia, "Huyo mpigie simu. Tukijua kinachomrudisha yeye, tutawarudisha wote."

Akapiga. Namba yenyewe alikuwa haijui. Akapokea mama mmoja, sauti ya mtu mzima, na mtandao ulikuwa unakatakata.

"Shikamoo, mama. Napiga kutoka kampuni ya mchezo wa shamba."

Mama akaibana simu sikioni. "Marahaba, baba. Endelea."

"Tunaona unaingia, halafu unaondoka. Mchezo haukupendezi?"

"Mimi nina shamba la kweli, baba, na mgongo unaniuma. La kwenye simu nilifanyie nini?"

"Sasa mbona unarudi?"

"Narudi kusoma yale maneno. Tumekukumbuka, rudi nyumbani. Nikishayasoma nafunga. Halafu nakaa mbali makusudi ili niitwe tena, maana nikiingia kila siku hamniandikii."

Kijana akacheka, kile kicheko cha kazini. "Lakini mama, yale maneno yanakwenda kwa maelfu ya watu. Yanatumwa na kompyuta."

"Najua. Ila aliyeyaandika ni mwanangu. Aliniambia mwenyewe alipopata kazi. Laini yangu ilipopotea nikamtumia namba hii mpya, akanijibu, 'Nitakupigia mama, niko kazini.' Sikutaka kumsumbua tena. Nikamwomba binti wa jirani aniwekee huo mchezo. Hayakuandikwa kwa ajili yangu, hilo nalijua, lakini yakifika nayasoma kama ni yangu. Usikate bado, mwanangu. Niulize na lingine."

Naona mmeinamisha vichwa. Hata mimi roho inaniuma nikimfikiria huyo mama. Tangu ile shikamoo alikuwa ameshamjua mwanawe, akaamua kujibu maswali ya kampuni ili tu simu isikatwe. Na mwanawe, fundi wa kuita watu, sauti ya mama yake ikampita sikioni kama ya mteja yeyote, mpaka alipoambiwa.

Haya, tumlaumu kijana? Ni rahisi, tena hayupo hapa kujitetea. Ngoja nirudi kwetu sisi. Ofisi yetu ya kanisa nayo ina utaratibu. Ukikosa ibada Jumapili mbili unapata ujumbe: "Tumekukumbuka ibadani." Wote wanapata huo huo, hata koma haibadiliki. Sasa nauliza, ni nani aliyewakumbuka? Nitajieni jina. Wazee wa kanisa, mko? Wanakwaya, yule dada wa sauti ya pili ambaye kwenye kiti chake mmeweka mikoba, mnajua anaumwa au hamjui? Mama aliyefiwa na mumewe, tukamzika kwa nyimbo nzuri kabisa, nani amekanyaga kwake tangu siku ile?

Tunapenda viti vijae, hilo nalikubali, hata mimi nikiona vimejaa nafurahi. Lakini Mungu hahesabu viti. Mungu akimwita mtu ni kwa kuwa anamtamani mtu huyo, yule yule, na hasubiri apotee ndipo amkumbuke. Sisi ndio tunaosubiri. Na wapo waliotoka humu ndani wala si kwamba wamemchoka Mungu. Wametoka wakisikilizia kama kuna atakayewafuata. Asubuhi hii, wakati sisi tunaimba, kuna mtu ameoga, amevaa nguo zake za ibada, amekaa kitandani na simu mkononi. Anatamani kuja. Anatamani zaidi kuulizwa yuko wapi.

Kwa hiyo baraka sitoi sasa hivi. Najua kila Jumapili nawakemea juu ya simu humu ndani, lakini leo zitoeni. Msitume ujumbe, pigeni. Kila mtu ana wake, wala usinigeukie mimi nikuambie ni nani, umeshamjua tangu nilipokuwa naongea. Mwite kwa jina lake. Akishtuka, akikuuliza kuna nini, unataka nini, mwambie hutaki kitu.

Pigeni. Nawasubiri.