Firimbi Moja ya Gredi ya Tatu

Sogeeni tusimuliane, ila msitulie mno, maana kisa hiki chenyewe hakijui kutulia.

Katika gredi ya tatu ya Mwalimu Mkamburi walikuwamo watoto watatu wenye vipawa. Mghoi alijaliwa miguu. Hata wakati wa hesabu ilipiga sakafu. Wakesho alijaliwa sauti, na wimbo ukishaingia kichwani mwake hautoki. Mwakio alijaliwa utulivu. Akiambiwa agande, hata nzi atue puani hamfukuzi.

Mwalimu alifundisha nyimbo kwa kuchezesha mwili, na sheria yake ilikuwa moja: ngoma ikilia, cheza, ikinyamaza, ganda ulivyo. Mghoi hakuiweza. Kila kipindi alitolewa akasimame ukutani.

"We Mghoi, hiyo miguu ina siafu?" Mwalimu alimuuliza.

Siku ya mashindano ya tarafa, ukumbi umejaa pomoni, wimbo umefika katikati, ngozi ya ngoma ikapasuka. Kimya! Na watoto thelathini, kwa utiifu wao, wakaganda jukwaani, mikono juu, vinywa wazi. Mwalimu Mkamburi alitamani ardhi ipasuke immeze. Sheria ilikuwa yake mwenyewe.

Miguu ya Mghoi ikashindwa kuvumilia. Ti-ti-ta, ti-ti-ta, juu ya mbao za jukwaa. Wenzake wakayadaka mapigo, wakaanza kucheza, lakini hakuna aliyekumbuka wimbo ulikatikia wapi.

Wakesho alikumbuka. Akaushika ubeti wa tatu palepale ulipoachwa, darasa zima likaitikia. Sasa nani awasimamishe? Mwisho wa wimbo hutangazwa na ngoma, na ngoma ndiyo hiyo imekufa. Wakaanza kuurudia wimbo, na kupitisha muda ni kuondolewa mashindanoni.

Mwakio akapiga hatua moja mbele, akainua mkono, akaganda. Wote wakamwona, wakaganda naye kwa pamoja, sekunde chache tu kabla ya kengele ya kumaliza muda.

Wakashinda. Jaji mkuu akamkabidhi Mwalimu firimbi.

"Mpe mtoto aliyewaokoa. Huyo ndiye atakayewaongoza kwenye mashindano ya kaunti."

Nje ya ukumbi watoto wakamzunguka Mwalimu.

"Mwalimu, bila mimi mngekuwa bado mmesimama pale," akasema Mghoi, akirukaruka.

"Na bila mimi mngecheza kama mabubu," akadakia Wakesho.

Mwakio alimtazama tu, na hilo lilimchoma Mwalimu zaidi.

Akimpa Mghoi, amemtuza aliyevunja sheria. Akimnyima, amemnyima mtoto yuleyule aliyemsimamisha ukutani muhula mzima, na moyo ulimsuta. Akimpa Mwakio, ametuza utii wa sheria, na si sheria hiyohiyo iliyotaka kuwaangamiza? Na Wakesho je, ambaye hakuvunja sheria wala kuitii, aliimba tu? Mwalimu alitembea huku na huku, firimbi inalowa jasho kiganjani, watoto thelathini wakimfuata kwa macho.

Haya, acheni kunikodolea mimi. Mngekuwa nyinyi Mwalimu Mkamburi, firimbi hiyo mngemvika nani shingoni, na wale wawili mngewaambia nini?