Jumatano ya Namsifu

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, msiipeleke mbali, huko milimani Upare alikuwepo mwanamke jina lake Namsifu. Aliwakusanya wajane wa kijiji akawafundisha kufinyanga majiko ya udongo yasiyotoa moshi. Wakauza, wakasomesha watoto, na macho ya wapishi yakapona. Mnampenda? Hata mimi nampenda. Ila alikuwa na kichwa kigumu, mama huyu.

Mjane akiumwa, Namsifu. Tanuri likibomoka, Namsifu. Mkwe akinuna, Namsifu. Naye kila akiulizwa, "Hujambo?" hujibu, "Sijambo," kisha huuliza shida za mwenzake. Kumbe usingizi umemkimbia. Hujificha nyuma ya karakana yao ya majiko akalia, kisha hutoka akitabasamu, ati ni moshi. Moshi gani tena, na majiko ni yale yale?

Siku moja wifi yake, Naetwe, alipita karakanani.

"Hujambo, wifi?"

"Hawajambo," akajibu Namsifu.

Wajane wakacheka, wakidhani ni utani. Naetwe hakucheka. "Nimekuuliza wewe, wifi."

"Hawajambo wote, ahsante."

Naetwe akaingiwa na hofu. Mtu amejisahau hata kwenye salamu! Akawaeleza wajane, akamweleza na kaka yake Kilave, mume wa Namsifu.

Kesho yake wajane walikaa chini, mikono mikavu. Mkubwa wao, Nakijwa, akasema, "Mama, hatugusi udongo mpaka ukapumzike."

"Na soko la Jumamosi?"

"Litapita."

"Mtakula nini?"

"Hilo nalo usiulize."

Soko likapita kweli, na wajane wakalala njaa na watoto wao. Namsifu alikuwa ameshakwenda nyumbani, amefura kwa hasira.

Huko Kilave, ambaye hajawahi kushika mwiko, akaushika. Ugali ukatoka mbichi, mboga ikaungua. Waliokuja kubisha hodi na shida zao aliwaambia, "Nipeni mimi," wakaondoka wakimcheka na kumwita Mama Kilave. Hakujali. Kila asubuhi alimwuliza mkewe, "Hujambo?" kisha akangoja. Siku nyingi mke hakujibu kitu. Asubuhi moja akasema, "Nina jambo." Akalisema lote, akalia mpaka akasinzia palepale jamvini. Alipoamka alikuwa na njaa, akaumaliza ule ugali mbichi.

Alipopona akatangaza, "Kuanzia sasa Jumatano sifanyi kazi. Nitashinda na mmoja tu, yule aliyeniponya."

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Naetwe akasema, "Ni mimi. Neno lile mlilisikia wote, mkacheka. Bila mimi mngeendelea kucheka mpaka aanguke."

Nakijwa akasema, "Ni sisi. Kusikia hakumtoi mtu kazini. Watoto wetu walilala na njaa ili yeye apumzike, nasi tunampenda kama mama aliyetuzaa."

Kilave akasema, "Ni mimi. Ninyi mlimtoa kazini, akaja kwangu na hasira zake zote. Kukaa nyumbani si kupona. Aliyemngoja mpaka akasema ni nani?"

Namsifu akawatazama, moyo umemjaa. "Basi, msigombane. Nitaigawa. Asubuhi kwa wifi, mchana kwa wajane, jioni na mume wangu."

"Ukiigawa, wifi," akasema Naetwe, "umesharudi kazini."

Na ni kweli. Lakini akimchagua mmoja, wengine watanuna, na Namsifu hajawahi kupata usingizi mtu akinuna.

Kesho ni Jumatano, na bado hajaamua. Ninyi mnaocheka hapo, msinitazame mimi, mimi ni msimulizi tu. Nijibuni: je, kati ya aliyesikia, waliokubali njaa na aliyengoja, nani anastahili kupewa Jumatano ya Namsifu?