Friji Moja na Namba ya Siri ya Watu Watatu

Hapo zamani, si zile zamani za fisi kuwa jumbe na sungura kuwa karani wake, bali zamani za juzijuzi ambazo hata nzi wake bado wako hai, palikuwa na mji uitwao Magangeni. Serikali ilikuwa imeupa hadhi ya mji mdogo. Hadhi ilifika kwa barua. Lami na taa zikaambiwa zifuate. Mashine ya kutolea pesa ilifika kweli, ikatoa pesa masika nzima, kisha ikabandikwa karatasi ya kuomba radhi kwa usumbufu. Mashine ilikufa, karatasi ikadumu.

Katika soko la mji huo alikuwapo Mwamvita binti Sefu, muuza juisi ya ukwaju. Asubuhi juisi yake ilikuwa tamu. Adhuhuri ilikuwa imeanza kuwa na maoni yake. Alasiri ilikuwa pombe. Mwamvita alikuwa mcha Mungu, kwa hiyo kila alasiri aliimwaga mtaroni, na vyura wa mtaro ule walijulikana mji mzima kwa uchangamfu wao.

Dawa ya tatizo lake ilikuwa friji, naye friji hakuwa nalo. Chuo cha wauguzi kule mlimani kilikuwa kimemwambia, "Mama, tuletee juisi ya baridi kila mchana, tutainunua yote. Ya vuguvugu hapana. Sisi tunajua kinachoota humo." Wakampa mpaka mwisho wa mwezi. Akikosa chuo, kibanda hakilipi. Na kibanda kisipolipa, itabidi arudi Handeni kwa kaka yake kulima mihogo. Kaka hakuwa na neno. Mke wa kaka alikuwa na maneno yote.

Basi siku moja akaja bwana wa benki, jina lake Lameck, tai imembana shingo kama mbuzi wa mnadani. Akapanda juu ya kreti la soda, akaita, "Ndugu wajasiriamali!" Watu wakageuka nyuma kutazama ni nani hao waliokuja.

Lameck akaeleza. Siku hizi, alisema, simu yenyewe ni mashine ya malipo. Wewe unaandika bei, mteja anagusisha kadi yake ya benki mgongoni mwa simu, simu inalia ti! na pesa imeingia. Hakuna kutafuta chenji, hakuna noti iliyochanika.

"Na mfanyabiashara wa kwanza wa Magangeni atakayepokea malipo ya kadi kwa simu," akasema, "atazawadiwa jokofu."

"Jokofu ndiyo nini?"

"Friji."

Hapo ndipo makofi yalipopigwa, na Mwamvita alipiga mpaka viganja vikawaka.

Lakini simu za pale sokoni zilikuwa za tochi. Simu yenye uwezo wa kusoma kadi ilikuwa ghali, na hakuna aliyeimudu peke yake. Ikanunuliwa na kikundi, Kikundi cha Tusichokane, ambacho kilikuwa na sanduku la akiba la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zilikaa kwa watu watatu, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Mmoja alikuwa Mwamvita. Wa pili alikuwa Fundi Mbaruku, mshona nguo. Wa tatu alikuwa Bi Stumai, muuza vyombo, ambaye pia alikuwa somo: ndiye aliyewaweka ndani wanawali na kuwafunda kabla ya ndoa. Kuwa mshika ufunguo wa Tusichokane kulikuwa heshima kubwa kuliko udiwani, maana diwani huchaguliwa hata na watu wasiomjua.

Simu ilipofika ikadai namba ya siri, tarakimu sita, kila inapotaka kupokea malipo. Mwamvita akasimama. "Jamani, sanduku lina kufuli tatu. Simu nayo ni sanduku. Mimi nichague tarakimu mbili za mwanzo, Fundi mbili za katikati, Bi Stumai mbili za mwisho. Kila mtu abonyeze zake kwa kidole chake, na wengine wageuze nyuso."

Kikundi kizima kikasema, "Hilo ndilo neno!" Wakaongeza na sharti: atakayetamka tarakimu zake zikasikika, amejivua ufunguo.

Lameck aliposikia alishika kichwa. Akawapigia makao makuu. Makao makuu wakauliza kama ipo kanuni inayokataza. Haikuwapo, kwa sababu hakuna mtunga kanuni aliyewahi kuwaza jambo kama hilo. Basi likawa halali.

Simu ikakaa. Fundi Mbaruku akaishonea koti la turubai zito lenye zipu ya chuma, isipate baridi wala vumbi. Ikakaa imevaa, ikimngoja mwenye kadi.

Ijumaa moja asubuhi mwenye kadi akaja. Alikuwa msichana mrefu, mhandisi wa barabara, jina lake Tunu, kiatu kimoja kina tope na kingine kina maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikupe ya kikombe?"

"Nipe yote."

"Kikombe chote?"

"Madumu yote, mama. Kaka yangu anaoa leo baada ya sala, na aliyepewa kazi ya vinywaji kakimbia na vinywaji. Pesa taslimu sina. Simu yangu imetumbukia kwenye sufuria la maharage, hivi sasa inaiva. Mashine yenu ya pesa inaniomba radhi. Nina hii tu." Akatoa kadi.

Mwamvita aliitazama kadi ile kama mtu anayeona mwezi wa Idi. Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumatano.

Saa zilikuwa zinakwenda na harusi ilikuwa kijiji cha pili. Mwamvita akafanya lisilofanywa sokoni: akaruhusu bajaji iondoke na madumu yote kabla ya malipo. Tunu akabaki, kadi mkononi. Kama kadi ingekataa, mtaji wa Mwamvita ungekuwa umenywewa na wakwe wa watu. Kisha Mwamvita akaichukua simu ya kikundi, akapandisha khanga, akakimbia kumtafuta Fundi Mbaruku.

Fundi alikuwa ofisi ya mji mdogo, kwenye benchi, akingoja leseni yake igongwe muhuri. Muhuri wa Magangeni ulikuwa unatumika pamoja na miji mingine, ukisafiri kama daktari bingwa. Magangeni ulifika Ijumaa, tena Ijumaa ulizopenda. Fundi alikuwa ameukosa na kuukosa, na wakaguzi walikwisha kumwambia kwamba watakaporudi wasipoona muhuri, watafunga duka.

Mwamvita alipotokea mlangoni akihema, karani dirishani alikuwa anaita, "Mbaruku Salehe!"

"Fundi! Mwenye kadi kaja!"

Fundi akatazama dirisha. Akatazama mlango. "Karani, ndugu yangu, ningoje kidogo tu."

"Mimi naweza kungoja," karani akasema. "Muhuri haungoji. Saa nne unapanda gari."

Fundi Mbaruku akashika kofia yake akakimbia. Nyuma yake akasikia jina la mtu mwingine likiitwa, na muhuri ukigonga, puu!

Wakafika kibandani. Mwamvita akabonyeza zake mbili, Fundi akageuza uso kama aliyepishana na mkwe wake. Fundi akabonyeza zake mbili, Mwamvita akageuza uso. Zikabaki mbili za Bi Stumai. Na Bi Stumai hakuwapo, maana harusi ile ya kaka yake Tunu, mwali wake alikuwa wa Bi Stumai. Somo hamwachi mwali siku ya ndoa, hata nyumba ikiungua. Atamhamisha mwali kwanza.

Mwamvita akampigia kwa kitochi chake. Upande wa pili kulikuwa na ngoma na nyimbo.

"Bi Stumai, tamka zako! Mwenye kadi yupo hapa!"

"Una wazimu, Mwamvita? Nyumba imejaa wanawake mpaka dirishani!"

"Basi nong'ona."

"Ninong'one ndani ya ngoma ya msondo? Hata mimi mwenyewe sijisikii!"

"Bi Stumai, mteja ni wifi wa mwali wako. Hii juisi ni ya harusi yako."

Ikasikika ngoma tu. Bi Stumai alijua ufunguo wake ulikuwa umekaa shingoni pake miaka mingapi. Kisha sauti ikaja kubwa kama ya mnadi, "Saba! Tisa!" Wanawake wote mle ndani wakadhani ni sehemu ya mafunzo ya ndoa, wakapiga vigelegele.

Mwamvita akabonyeza. Simu ikafunguka. Tunu akagusisha kadi. Kimya. Akagusisha tena. Kimya. Mwamvita akaona Handeni, akaona mihogo, akamsikia wifi yake akikohoa kabla ya kuanza kusema.

"Fundi," Tunu akasema polepole, "hebu ivue koti."

"Nguo yenyewe nyepesi hii."

"Fundi, hiyo nguo ingezuia risasi. Ivue."

Fundi akafungua zipu kwa uchungu wa mshonaji. Kadi ikagusishwa.

Ti!

Soko zima likashangilia, hata wauza nyanya ambao hawakujua kinachoshangiliwa.

Jumatatu wakaguzi wakarudi, wakakuta leseni ya Fundi Mbaruku haina muhuri, wakatia duka lake kufuli. Fundi akaeleza kwamba aliacha foleni kwa kutekeleza mpango wa serikali wa malipo ya kisasa. Wakampongeza kwa uzalendo, wakaondoka na ufunguo.

Siku hiyohiyo kikundi kikakaa, kikamvua Bi Stumai ufunguo, kwa masikitiko makubwa na kwa kura zote. Hilo lingemezeka. Lakini nyumba mbili zilizokuwa zimemwekea wanawali zikatuma salamu kwamba zimebadili mawazo: somo aliyeshindwa kutunza tarakimu mbili atatunzaje ya ndani ya nyumba?

Na Jumanne Lameck akaja, friji jipya limelala juu ya pikapu, limefungwa kamba kama mgonjwa.

"Jina la mshindi?" akauliza, kalamu tayari.

"Kikundi cha Tusichokane," wakamjibu.

"Kikundi hakina kidole gumba. Makao makuu wanataka mtu mmoja, kitambulisho kimoja, na picha moja amelikumbatia jokofu. Jokofu litakaa kwake, na kuligawana hairuhusiwi. Nisipopata jina sasa hivi, linakwenda mji wa jirani. Kule nako wamekwisha kupokea malipo ya kadi, wao wa pili baada yenu."

Fundi Mbaruku akasema kwanza. "Jina ni langu. Bila tarakimu zangu simu isingefunguka. Mimi nimeacha dirisha jina langu likiitwa. Leo duka lina kufuli, cherehani iko ndani, wanangu wako nje. Nipeni friji, mke wangu auze barafu tupate kula. Mwamvita juisi yake imelipwa. Mimi nimelipwa nini?"

Bi Stumai akasema. "Jina ni langu. Bila tarakimu zangu simu isingefunguka. Fundi kakosa muhuri. Muhuri utarudi, ukipenda. Heshima yangu inarudi kwa gari gani? Kazi ya somo ni siri, na siri nimeitoa kwa sauti ya mnadi kwa ajili yenu. Ufunguo sina, mwali sina. Nipeni friji, niwe na kitu cha kufanya nikiwa nimekaa."

Mwamvita akasema. "Jina ni langu. Bila tarakimu zangu simu isingefunguka, na bila juisi yangu simu isingekuwa na la kufungukia. Mteja alikuwa wangu. Mzigo nimeutoa mkono mtupu, kabla senti haijaingia. Na kesho ni Jumatano. Chuo kinafunga mlango kesho."

"Na nani aliyetukatia namba ya siri vipande kama nyama ya hitima?" Fundi akamuuliza. "Ungeiacha nzima, mimi ningekuwa na muhuri na Bi Stumai ana ufunguo."

"Na nani aliyeivisha simu koti la vita?" Mwamvita akamjibu. "Kidogo tukose vyote kwa sababu ya zipu yako. Na wewe Bi Stumai, usijifanye ulinisaidia mimi. Juisi ilinywewa na mwali wako."

"Alikunywa," Bi Stumai akasema, "tena ilikuwa imeanza kuchacha."

Watu wakacheka, lakini Mwamvita hakucheka. Alikuwa analitazama friji. Jeupe, baridi bado haijaanza. Alijua likitajwa jina lake, atapita kila asubuhi mbele ya duka lenye kufuli, na mbele ya mlango wa mwanamke asiyeitwa tena. Alijua pia likitajwa jina jingine, keshokutwa yuko Handeni. Kila alipojijibu moyoni, jibu lilikuja na uso mwingine.

Dereva wa pikapu akawasha gari. Lameck akatazama saa. Wote watatu wakageuka, wakawatazama wenzao wa Tusichokane. Nao wenzao, kwa desturi ya vikundi vyote, wakatazama chini.

Haya basi, nyinyi mliokuwa mkitikisa vichwa kama mahakimu wa mahakama kuu, chini hapatazamwi tena. Mwenye juisi aliyetoa mali yake kwa imani, ndiye pia aliyekata namba vipande. Mwenye foleni aliyeacha riziki yake dirishani, ndiye pia aliyeshona koti. Mwenye siri aliyevunja sharti, bila kulivunja pasingelia hata ti moja. Friji ni moja, kidole gumba ni kimoja, na gari linaunguruma.

Je, nani alistahili?