Kaburi la Babu Yake Lugendo

Siku hiyo shambani walikuwepo Hakimu Nyamizi, karani wake, tajiri Lugendo, na mjane Mama Sikudhani na mtoto wake mgongoni.

“Shamba hili ni langu,” alisema Lugendo. “Babu yangu amezikwa humu.”

“Pole, mzee. Ni pale palipoinuka?”

“Hapo hapo, mheshimiwa!” Lugendo akapiga magoti, akalia kwa sauti. “Babu, wanataka kukunyang'anya!”

Karani akavua kofia.

Hakimu akampokea mjane mtoto, akambeba. “Mama, shika jembe uchimbe.”

“Msimfukue babu yangu!”

Vikatoka viazi vitamu. Majani ya tuta lile hakimu alikuwa ameyachuma yote jana yake, alipopita kuomba matembele.

Mjane alibaki na shamba lake. Viazi vilichemshwa, na Lugendo alipewa kikubwa kuliko vyote.