Wageni wa Tumboni

Mama mmoja, jina lake Nkwimba, alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, akichanganya mashudu ya pamba kwa ajili ya fahali aliokuwa akiwanenepesha. Kila asubuhi alinyunyizia humo unga wa dawa ya ng'ombe, ingawa hakuna aliyeumwa. Majirani wote walifanya hivyo. Waliamini ndiyo kinga. Mikono yake ilikuwa bado imejaa mashudu wifi yake, Sayi, alipoingia uani na habari: Lugembe, mume wa Nkwimba, aliyelazwa kwa kuhara damu, dawa hazimsaidii.

Hospitalini daktari aliuliza kazi ya mgonjwa. Akaambiwa ndiye azoaye samadi zizini. Akaeleza kwamba vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe huonjeshwa dawa kidogo kidogo hadi vinakuwa sugu, kisha hutoka na samadi na kufika mkononi, na kutoka mkononi hadi mdomoni. Akabadilisha dawa. Za kuchagua hazikuwa nyingi.

Nkwimba akaenda kwa mtaalamu wa mifugo, aliyeipima samadi na kuvikuta vijidudu hivyo sugu. Mtaalamu huyo akampa bakteria wema wa kukoroga kwenye maji ya baridi, ili wajae matumboni mwa fahali na wale sugu wakose nafasi. Sayi alicheka sana, akasema kesho wifi atawatandikia fahali vitanda. Nkwimba akakoroga. Lakini hofu haikumtoka, kwa hiyo juu yake akanyunyizia na ule unga wa zamani, kidogo tu.

Mtaalamu alipopita kuangalia, aliukuta mfuko wa dawa uko wazi kando ya beseni. Hakugomba.

"Mama, unakaribisha wageni, kisha unawafungulia mbwa."

Nkwimba akaufunga mfuko. Tangu hapo dawa alipewa ng'ombe aliyeumwa tu, kwa kipimo, hadi dozi iishe. Fahali mmoja alikonda, lakini Nkwimba akavumilia. Samadi ilipopimwa tena, vijidudu sugu vilikuwa vimepungua, havikuwa vimekwisha.

Lugembe alirudi akitembea kwa fimbo, mwili wake umeikubali dawa ya pili. Jioni Nkwimba alinawisha kila mtu kwa sabuni, akapakua ugali na mlenda, akatazama mkekani na kuhesabu: mume, wifi, watoto. Wote walikuwepo.

Nanyi mnaonisikiliza, ni jema gani mmelianza huku mkiendelea kimyakimya na lile linaloliua?