Raha ya Milele Iliyoisha Kabla ya Mchana

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nani?"

"Dubu na kitako chake!"

"Kikae wapi?"

"Chini kabisa!"

Haya! Hapo kale, katika ikulu ya wanyama huko Japani, alitawala Dubu Kumamaru. Tumbo hilo! Likiingia mlangoni alfajiri, mwenyewe hufika saa nne.

Walikuwa na desturi: balaa likitokea, mfalme hubadili jina la zama. Miaka huanza kuhesabiwa upya, wafungwa hufunguliwa wote, na karamu hupikwa, wafungwa wakila kwanza. Asubuhi moja Dubu alizipa zama zake jina: Raha ya Milele. Papo hapo akamfunga Ochiyo, mke wa Panya Tokuzo, kwa kulamba punje ya wali iliyodondoka sakafuni.

"Mchana nakunywa supu yake!" akanguruma.

Panya Tokuzo mbio, puru puru puru, hadi chini ya kiti cha mfalme. Dubu akala andazi la mchele: nyam! Panya akatafuna mguu wa kiti: kwaru! Nyam nyam! Kwaru kwaru!

"Nani anakwaruza?"

"Ni tumbo lako linashukuru, Mtukufu," Panya akajibu kutoka chini.

"Lina adabu!" Nyam!

Jikoni sufuria ikaanza kutokota. Kwaru kwaru kwaru... kacha! PUUU! Dubu chali, miguu juu, andazi puani!

"Balaa!" akapiga kelele Korongo, mnajimu wa ikulu. "Zama zibadilishwe!"

"Ngoja ninywe supu kwanza!"

"Lakini Mtukufu," Panya akachomoza kichwa, "zama mpya, karamu mpya. Maandazi mlima!"

Dubu akameza mate, gulu! "Zibadilishwe! Ziitwe Raha Kupita ya Milele!"

Milango ya gereza, kwaa! Wafungwa wakatoka na njaa yao, Ochiyo mbele, wakayavamia maandazi. Dubu alipomaliza kujizoazoa, sinia jeupe!

"Basi nipeni supu yangu!"

"Pole, Mtukufu," akasema Panya, mkono begani kwa mkewe. "Ile ilikuwa supu ya zama zilizopita."

Ngano yangu nimeikalisha kwenye kiti kile kile. Ikianguka, mwiinue wenyewe. Na funzo, jamani, ni hili: heshimuni viti vya wakubwa. Anayetafuna kiti cha mkubwa hafiki popote. Mtazameni Panya: mpaka leo yuko palepale ikuluni, ameshiba, hana pa kwenda.