Jumbe Aliyelishiwa na Zimwi

Sogeeni, wenzangu, ngano inakuja. Ije, tuipokee!

Paliondokea mtu, Kingwaba, aliyetamani ujumbe lakini hakuwa na cha kuwalisha watu. Zimwi la msituni likamwambia, "Nitachinja mimi, utawale wewe." Watu wakala pilau wakashiba, na Kingwaba akala nao; wakamchagua awe jumbe.

Baada ya mavuno zimwi likaja, likataka kisima cha mji. Kingwaba akafungua kinywa akatae, ikatoka sauti ya zimwi: "Kichukue!" Likaja tena, likataka mashamba ya bondeni. Akafungua kinywa akatae, sauti ikasema: "Yachukue!"

Mara ya tatu likaja barazani mbele ya watu wote, likamnyooshea kidole Mwanakheri, binti wa jumbe. Kingwaba akaziba kinywa kwa mikono miwili. Mikono ikashuka yenyewe. "Mchukue!"

"Baba, ni wewe unayesema?"

Kingwaba akatikisa kichwa huku machozi yanamtiririka. Watu wakasimama kumtetea binti, lakini nao walikula pilau ile. Vinywa vyao vyote vikasema: "Mchukue!"

Zimwi likamshika Mwanakheri mkono, likaondoka naye. Kingwaba akawafuata mbio hadi msituni, wala hakuonekana tena.

Ngano imefika hapo; mwenye masikio aende nayo kwake.